Mcheza tenisi ya wawili si aliyeshindwa kucheza peke yake

Mashabiki wengi wa tenisi huamini kwamba mwanamke anayejikita kwenye mechi za wawili wawili ni yule aliyekwama alipocheza peke yake. Dhana hiyo inamdhulumu Cara Black wa Zimbabwe, mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa waliotoka Afrika.

Kweli, peke yake hakuvuka nafasi ya 31 duniani (na hata hiyo, ni wangapi huifikia?). Kwa wawili alikaa namba moja kwa wiki 163 na kutwaa mataji 10 ya Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kabisa ya tenisi: matano ya wanawake, matano ya mseto (mwanamke na mwanamume).

Mchezo wenyewe ni mwingine. Uwanja hupanuka kutoka mita 8.23 hadi 10.97, na pointi nyingi huamuliwa karibu na wavu, ambako mchezaji lazima asome nia ya mpinzani, akatize mbele ya mwenzake na kuupiga mpira kabla haujadunda. Black hakuwa mrefu wala mwenye mikwaju mizito. Silaha yake ilikuwa hiyo mipira ya wavuni, aliyoinoa tangu utotoni kwenye viwanja vya nyasi nyumbani kwao Harare.

Wengine hudhani pia kwamba nafasi kwenye orodha ya ubora ni ya jozi. Hapana, kila mchezaji huhesabiwa pointi zake, hata akibadili mwenzake. Black alishinda Wimbledon 2004 na Rennae Stubbs wa Australia, kisha 2005 na 2007 akaishinda tena na Liezel Huber.