Msumeno ukiingia msituni, kaboni yote huenda?

Wengi huamini kwamba msitu wa tropiki ukishaguswa na msumeno, hata wa wanakijiji wachache, kaboni yake imekwisha. Wazo hilo lina msingi: karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni.

Ila shina moja likianguka, mengine yamebaki wima. Mbao zake hushikilia kaboni miaka mingi zikiwa paa au mlango; matawi, kisiki na mizizi ndivyo huoza na kuirudisha hewani polepole. Mara nyingi hasara kubwa huipata miti jirani: mti uliosukwa na mitambaazi huvuta mingine chini, na njia za matrekta huponda miche. Wanaobeba mbao mabegani huacha kijia tu. Lakini wakirudi kabla miti haijakua, akiba hupungua kila mzunguko, hasa wakilenga miti mikubwa.

Ukitaka kuhakikisha, hesabu visiki na upime mzingo wa mashina, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha urudie mashina yaleyale baada ya miaka michache. Picha za setilaiti mara nyingi hazioni pengo la mti mmoja.