Kwenye tope jekundu, tazama maji kwanza

Ninapowaonyesha watu picha za mabwawa ya tope jekundu, mabaki ya viwanda vya kusafisha madini ya alumini, swali la kwanza karibu kila mara ni la metali. Je, kuna aseniki humo? Kuna risasi? Ni swali la haki. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kemia ya mabaki ya viwandani, huanzia kwingine: lina maji kiasi gani, na maji hayo yana kostiki, yaani soda kali inayounguza, kiasi gani?

Alumini ya sufuria zetu na ya nyaya za umeme hutoka kwenye mawe yaitwayo boksaiti. Mwaka 1887 Carl Josef Bayer, mkemia wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alibuni njia ya kuisafisha ambayo viwanda vingi vinaifuata hadi leo. Boksaiti husagwa, kisha hupikwa kwa joto na shinikizo ndani ya kostiki soda, ile ile wanayoijua watengeneza sabuni. Alumina, yaani oksidi ambayo alumini hutengenezwa kwayo, inayeyuka. Chuma, titani na sehemu kubwa ya silika haviyeyuki, na mabaki hayo ndiyo tope jekundu. Wekundu wake ni oksidi ya chuma, kutu tu. Kila tani ya alumina huacha tani moja hadi moja na nusu ya mabaki yakihesabiwa yakiwa makavu. Dunia nzima hutoa zaidi ya tani milioni 150 kwa mwaka.

Kostiki ni ghali, kwa hiyo kiwanda huliosha tope mara kadhaa ili kuiokoa. Hata hivyo haiishi. Nyingine hubaki kwenye maji yaliyomo ndani ya tope, na nyingine hujifunga katika madini yanayoundwa silika inapokutana na soda. Hii iliyojifunga ndiyo yenye usumbufu. Maabara ukitia asidi kwenye chupa ya tope, pH, kipimo ambacho 7 ni katikati na kadiri kinavyopanda ndivyo kostiki inavyokuwa kali, inashuka vizuri hadi 8. Ukiiacha chupa mezani na kuipima tena baada ya siku chache, imepanda, kwa sababu madini yale yanaendelea kuachia soda polepole. Bwawani jambo hilo hilo huendelea kwa miaka.

Tarehe 4 Oktoba 2010, mchana, kona ya tuta la bwawa namba 10 la kiwanda cha Ajka, Hungaria, ilivunjika. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi kupita kawaida. Hadi mita za ujazo milioni moja za tope na maji zilishuka bondeni zikaingia vijiji vya Kolontár na Devecser. Watu 10 walifariki, akiwemo mtoto wa mwaka mmoja, na zaidi ya 120 wakajeruhiwa. Wengi walijeruhiwa kwa kuungua, na kuungua kwa kostiki ni kubaya kwa namna yake. Kostiki hula mafuta ya mwili na kuyageuza sabuni, ikizidi kuzama, na mara nyingi maumivu huchelewa. Mtu anaweza kunawa miguu akadhani amesalimika, kumbe kidonda kinaendelea kuchimba chini ya ngozi.

Kijito cha Torna kilipimwa pH ya karibu 13. Kwenye mto Marcal samaki walikufa. Vikosi vya uokoaji vikamwaga jasi na asidi mtoni ili kuizima kostiki kabla haijafika Danube, na ilipofika huko nguvu yake ilikuwa imepungua sana.

Jambo ninalotaka lieleweke ni hili. Baada ya ajali hofu kubwa ilikuwa metali nzito, na watafiti wakaotesha shayiri kwenye udongo uliochanganywa na tope la Ajka. Mimea ilidumaa, lakini sababu kubwa ilikuwa chumvi ya sodiamu kuliko metali zenyewe. Metali nazo zinategemea kostiki: aseniki, vanadi na molibdeni huyeyuka majini pH ikiwa juu. Ishushe, na sehemu kubwa ya aseniki na vanadi hurudi kung'ang'ania ile oksidi ya chuma. Kwa hiyo anayeuliza swali la metali analirudisha, bila kujua, kwenye swali la maji.

Ukilielewa hilo, njia za kuhifadhi tope zinajipanga zenyewe. Iliyo mbaya kuliko zote ni kulitupa baharini. Kiwanda cha Gardanne, kusini mwa Ufaransa, kilifanya hivyo kwa bomba kuanzia 1966 hadi mwisho wa 2015, kikimwaga zaidi ya tani milioni 20 kwenye korongo la Cassidaigne. Bwawa la tope la majimaji linafuata. Ni rahisi kulijenga, ila uzito wote wa maji unaegemea tuta. Bora zaidi ni kulikamua. Mashine ya kuchuja hulibana tope kati ya vitambaa kama nazi ndani ya kifumbu, kostiki inarudi kiwandani, na machicha yanayobaki huwa yabisi kwa zaidi ya asilimia 70. Machicha hayo hupakiwa kwenye lori, yakarundikwa na kushindiliwa. Tuta likivunjika, hayatiririki kilomita kadhaa hadi kwenye nyumba za watu.

Kwenye kiwanda cha alumina cha Kwinana, Australia Magharibi, ambacho kilisimamisha uzalishaji mwaka 2024, kuanzia 2007 walikuwa wakipuliza ndani ya tope kaboni dioksidi iliyotoka kiwanda cha amonia jirani, na pH ilishuka kutoka karibu 13 hadi kama 10.5. Naipenda njia hii, ingawa inahitaji jirani mwenye gesi ya kutosha. Tope kavu nalo lina adha yake, vumbi, kwa hiyo juu yake huwekwa jasi na mboji kisha nyasi zinazostahimili chumvi. Matumizi kama saruji yapo, lakini hayajafikia hata sehemu 5 kwa 100 ya tope linalozalishwa.

Mambo haya yanatugusa Afrika kwa sababu ya Guinea, yenye akiba kubwa kuliko zote ya boksaiti. Fria, kiwanda cha kwanza cha alumina barani, kilianza huko 1960, na sasa serikali inazitaka kampuni za uchimbaji zijenge vingine nchini. Ni dai halali. Ila Conakry, mji mkuu wa Guinea, hupata mvua ya zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, na rundo kavu lisilo na mifereji ya kutosha hurudi kuwa tatizo la maji. Barcarena, Brazil, mvua kubwa za Februari 2018 zilizusha malalamiko ya uchafuzi, na mamlaka zikakiamuru kiwanda cha alumina cha huko kipunguze uzalishaji kwa nusu, amri iliyodumu zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo nikipewa mpango wa kiwanda kipya, nafungua kwanza mizania ya maji: mvua ya mwaka mbaya kabisa itakusanywa wapi, na mtambo wa kutibu maji unaweza kusafisha kiasi gani kwa siku. Kisha naangalia miaka ya baada ya kufunga. Mtambo huo utaendelea kuhitaji umeme, asidi na wafanyakazi muda mrefu baada ya kilo ya mwisho ya alumina kuuzwa, na mpango lazima useme fedha hizo zimewekwa akaunti gani na kwa jina la nani.