Tuiformate tu? Yanayosemwa Bukavu kuhusu mashini inayokufa

Ukianzia Nyawera ukapanda hadi Kadutu, kwa mafundi wengi wa ordinateri utasikia jibu lilelile. Mashini nzito? Tuiformate. Inajizima yenyewe? Tuiformate. Inakataa kufungua Word? Papa, hii tuiformate tu, kesho utapita kuichukua. Mteja naye anakubali upesi, kwa sababu kuformata, yaani kufuta disku na kuweka Windows upya, kunaonekana kwa macho: mashini inarudi na skrini mpya na inawaka haraka kwa wiki mbili tatu. Lakini kuokoa mafaili ni kazi moja na kuweka Windows upya ni kazi nyingine. Ya kwanza hairudiwi ikiharibika. Ya pili unaweza kuirudia hata mara kumi.

“Mashini ikisumbua, dawa ni kuformata”

Kuformata hutibu ugonjwa wa programu: virusi, Windows iliyovurugika, takataka za miaka ya kuweka na kuondoa programu. Hakutibu disku inayokufa, wala barete ya memori (RAM) iliyochoka, wala feni iliyozibwa na vumbi la barabara zetu. Mashini inayojizima baada ya dakika ishirini huku chini pakiwaka moto inataka kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa pasta mpya kwenye prosesa. Inayoonyesha skrini ya buluu kila mara na ujumbe tofauti, ipime memori kwanza. Windows ina kipimo chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, mashini itajiwasha upya na kujipima.

Disku ndiyo inayohitaji macho zaidi. Dalili zake ni hizi: folda moja inachukua dakika nzima kufunguka, kukopia kunasimama kwenye faili lilelile kila mara, mashini inaganda kisha inaendelea kama hakuna kitu, au unasikia tik, tik, tik kutoka upande mmoja wa mashini. Disku karibu zote huweka kumbukumbu ya afya yao zenyewe, na programu ya bure CrystalDiskInfo huisoma kwa sekunde chache. Buluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Kwenye disku ya sahani, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, usiishie kwenye rangi. Tafuta mistari ya 05, C5 na C6. Wa 05 unahesabu sehemu za disku ambazo zimekwisha kuharibika na kubadilishwa kwa sehemu za akiba. Wa C5 unahesabu sehemu ambazo disku imeshindwa kuzisoma na bado haijajua izifanye nini. Wa C6 ni wa zile zilizoshindikana kabisa. Safu ya namba ghafi ikionyesha sifuri, vizuri. C5 ikipanda leo, ikapanda tena kesho, disku hiyo inaondoka, na kuiformata ni kuiongezea kazi mgonjwa asiyeweza hata kusimama.

Fundi asiyeangalia kumbukumbu hiyo kabla ya kusema “tuformate” anabahatisha. Mwombe akuonyeshe. Inachukua muda mfupi kuliko kuhesabu pesa zake.

“Vitu vyangu viko kwa D, haviguswi”

Hii ndiyo imeliza wanafunzi wengi, hasa msimu wa TFC na memwari, yaani kazi za mwisho za chuo. Mashini za okazyo (zilizokwisha kutumiwa) zinazouzwa hapa mara nyingi zimegawanywa: C ya Windows, D ya mafaili. Mteja anaona diski mbili, kumbe ni disku moja iliyochorwa mstari katikati. Disku ikifa, C na D zinakufa siku moja.

Na hata kama disku ni nzima, kuna hatari nyingine pale kwenye kuweka Windows. Ukifika kwenye ukurasa unaouliza usakinishe wapi, herufi C na D hazionekani. Unaona orodha tu: Partition 1, Partition 2, Partition 3, Partition 4, kila moja na ukubwa wake. Ndogo za megabaiti mia kadhaa ni za kuwashia mashini na za ukarabati, kubwa mbili ndizo C na D zako, na hakuna kinachokuambia ipi ni ipi isipokuwa ukubwa, au jina kama uliwahi kuipa. Chini kuna kitufe cha Supprimer, yaani futa. Fundi mwenye mashini tano mezani na umeme unaoweza kukatika wakati wowote huzifuta zote mfululizo ili mambo yaende haraka, na Windows mpya inaingia vizuri sana. D imekwenda nayo. Kabla ya kumwachia mtu mashini, ipe D jina linalosomeka na uandike ukubwa wake kwenye karatasi. Bora zaidi, mafaili yawe yametoka kabisa kwenye mashini hiyo.

“Windows haiwaki, basi kila kitu kimepotea”

Hapana. Windows ni mlango mmoja tu wa kufikia mafaili. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, uandike juu yake Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya kuendeshea mashini badala ya Windows, kwa kutumia programu ya Rufus kwenye mashini ya rafiki, kisha washa mashini yako kutoka kwenye flashi hiyo. Kwenye Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12 wakati wa kuwasha; kwenye HP ni Esc kisha F9. Chagua kujaribu bila kusakinisha. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi, disku yako haijaguswa, na utaona folda zako kama kawaida. Chomeka disku ya nje uanze kukopia.

Mpangilio wa kukopia una maana kubwa kwenye disku inayokufa, kwa sababu hujui imebakiza saa ngapi. Anza na vidogo visivyo na mbadala: TFC, mahesabu ya duka, hati za shamba, barua. Zifuate picha za familia. Filamu na muziki ziwe mwisho, au uziache, kwa kuwa unaweza kuzipata tena kwa jirani. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine. Usikae unalibembeleza huku disku inazidi kuchoka.

Kuna kizuizi kimoja kinachowashtua watu. Kama disku imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Mashini nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe mwenye mashini anapoingia na akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo, unaweza kuusoma kwa simu ukiingia kwenye tovuti ya Microsoft. Uutafute leo mashini ikiwa bado nzima, uunakili kwenye daftari.

Disku ikianza kulia tik tik, zima. Usiseme “nijaribu mara moja ya mwisho.” Na usikubali mtu aipige chkdsk /r kabla mafaili hayajatoka: amri hiyo huisoma disku nzima mwanzo hadi mwisho na kuandika marekebisho juu yake, jambo zuri kwa disku nzima na baya kwa disku mahututi. Fundi anayejua kazi atatumia ddrescue kwenye Linux. Programu hiyo hunakili kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikiacha zile ngumu, kisha huzirudia baadaye, na inaandika ramani ya ilipofikia ili umeme ukikatika iendelee pale pale. Inahitaji disku nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi. Ile habari ya kuiweka disku kwenye friza usiku mmoja, achana nayo. Unyevu unaoganda juu ya sahani za ndani utamaliza kilichobaki.

“Niko na kopi kwenye flashi”

Flashi gani? Ile inayokwenda kuprintishwa kwenye sekretariati?

Tuiangalie kwa karibu. Unaichomeka kwenye mashini ya sekretariati ambayo leo imekwisha kumeza flashi za watu thelathini. Unarudi nyumbani, unaifungua, na folda yako ya TFC ina mshale mdogo kwenye kona na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Watu wengi hapo husema imeliwa, wanaiformata flashi. Lakini folda yenyewe ipo, imefichwa tu. Ulichokiona ni njia ya mkato inayowasha virusi ukiibofya. Usiibofye. Kama flashi ina herufi E, fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda halisi itajitokeza. Kopia mafaili yako tu, uyapitishe kwenye antivirusi, ndipo uiformate flashi hiyo.

Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. Inapotea kwenye mfuko wa suruali, inavunjika kichwa, na za bei ya chini huandikwa GB 64 kumbe ndani ni 8. Kanuni ambayo watunza data wamekubaliana nayo ni kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Hiyo ya “mahali pengine” watu wa Kivu hawana haja ya kuelezwa sana. Goma ilizikwa sehemu yake ya katikati na lava ya Nyiragongo Januari 2002, na Mei 2021 mlima ukatema tena usiku, watu wakatoka na walichoweza kubeba. Kwetu Bukavu ni moto kwenye nyumba zilizobanana za Kadutu, au udongo unaoteremka mvua ikizidi. Disku ya nje iliyo kwenye droo moja na mashini itaungua nayo.

Kwa hiyo weka moja kwenye intaneti. Najua jibu: megabaiti ni ghali. Lakini TFC ya kurasa 60 bila picha nyingi haifiki hata MB 5, yaani chini ya video moja ya WhatsApp ambayo umeipakua asubuhi bila kufikiri. Google Drive inatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Hata kujitumia faili kwa imeli kila Jumamosi kunafaa. Ila elewa kwamba folda inayojisawazisha yenyewe hufuata unachofanya: ukifuta kwenye mashini, na kule inafutika, ukiwa na siku 30 za kuitoa kwenye pipa la taka.

“Nimekopia Documents, inatosha”

Haitoshi. Mafaili ya watu wengi yako kwenye Bureau (skrini ya mwanzo) na kwenye Téléchargements (vilivyopakuliwa). Kuna pia maneno ya siri yaliyokaa ndani ya kivinjari, barua za Outlook, data ya programu ya uhasibu ambayo hujificha kwenye C, na folda ya picha za simu uliyoiweka mahali usipokumbuka. Programu zenyewe hazikopiwi, zinasakinishwa upya. Hakikisha una za kusakinisha, hasa draiva ya Wi-Fi, programu inayoiwezesha Wi-Fi kufanya kazi. Ukiikosa, unganisha simu kwa kebo ya USB na uishirikishe intaneti ya simu, mashini itajitafutia draiva yenyewe.

Kisha fungua kopi. Yaani chomeka disku ya nje kwenye mashini nyingine, fungua TFC, shuka hadi ukurasa wa mwisho, fungua picha kadhaa, fungua faili la mahesabu. Kopi ambayo haijafunguliwa kwingine usiihesabu. Supprimer inabonyezwa baada ya hapo.

“Lazima ulipe ufunguo wa Windows, au upige krak”

Mashini iliyotoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11 kwa kawaida ina ufunguo ndani ya bodi yake. Sakinisha toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, iunganishe na intaneti, itajiidhinisha. Anayekutoza pesa za “ufunguo” kwenye mashini kama hiyo anakuuzia chako. Krak nazo, programu za kuidanganya Windows kwamba umelipa, hukuomba uzime antivirusi kabla ya kuziendesha. Fikiria kwa nini.

Jambo la Windows 10: Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), memori ya GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa inayokubalika, kwa Intel takriban kizazi cha nane kwenda juu. Okazyo nyingi za hapa haziifikii. Kuna njia za kuilazimisha, na Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa mashini hizo masasisho. Kwa mashini ya kuandikia na kuvinjari, mimi ningeweka Linux Mint na SSD ya SATA, disku ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, badala ya disku ya sahani. SSD peke yake inaamsha mashini ya mwaka 2013 kuliko kuformata kokote.

“Umeme ukikatika katikati, mashini imekufa”

Ukikatika wakati wa kuweka Windows, unaanza upya kutoka kwenye flashi, basi. Kinachoweza kuua bodi ni kukatika wakati wa kusasisha BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya bodi, kwa hiyo hiyo usiifanye na betri iliyokufa.

“Imeformatwa, hakuna atakayeona vya kwangu”

Kwenye disku ya sahani, formati ya haraka inafuta orodha ya yaliyomo, si yaliyomo yenyewe. Programu ya PhotoRec inaweza kuyatoa. Hii ni habari njema kama umeformata kwa bahati mbaya: simama hapo hapo, usisakinishe kitu juu yake, mpelekee fundi. Kwenye SSD matumaini ni madogo, kwani Windows huiambia disku isafishe sehemu zilizoachwa. Na ni habari mbaya kama unauza mashini yako Kadutu ukiwa na picha za watoto na karatasi za benki ndani. Hapo tumia formati kamili, ile ya saa nyingi, siku ambayo umeme umetulia.

Disku ya zamani iliyotolewa ili SSD iingie, idai. Ni yako, si ya fundi. Iandike tarehe, iweke mahali pakavu miezi kadhaa, maana mtu hukumbuka faili alilolisahau wiki ya tatu.