Kuongeza podi hakugawi mzigo wa SMF

Wiki hii nimeletewa tena swali lilelile: SMF (sehemu ya kiini cha 5G inayosimamia vipindi vya data) imezidiwa, podi (nakala zake zinazoendeshwa na Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva) zimeongezwa kutoka mbili hadi kumi, na hali haijabadilika. Si Kubernetes inagawa trafiki yenyewe? Haigawi maombi. Inagawa miunganisho.

kube-proxy, sehemu ya Kubernetes inayoelekeza trafiki, huchagua podi mara moja tu, muunganisho wa TCP unapofunguliwa. Kuanzia hapo kila pakiti huenda podi ileile mpaka muunganisho ukatwe. Kwa tovuti ambayo wageni huingia na kutoka, hilo halina shida. Lakini kiini cha 5G, tangu Release 15 ya viwango vya 3GPP (shirika la viwango vya simu za mkononi), huzungumza kwa HTTP/2, ambayo hupitisha maelfu ya maombi ndani ya muunganisho mmoja unaoweza kuishi siku nzima. AMF (sehemu inayosajili simu na kufuatilia mwendo wake) yenye miunganisho miwili kwenda SMF itafikia podi mbili tu. Ongeza nane, nazo zitakaa bure. Kibaya zaidi, HPA, kidhibiti cha Kubernetes kinachoongeza na kupunguza podi, hupima wastani wa CPU: mbili zinaelemewa, nane zimelala, wastani unapendeza, na huenda ikaanza kupunguza podi! Tazameni maombi kwa sekunde, podi kwa podi.

Dawa ya kwanza inajulikana: proksi (mpatanishi wa trafiki) inayoelewa HTTP/2 na kugawa ombi moja moja, iwe SCP, yaani proksi ya 5G yenyewe iliyokuja na Release 16, au proksi ya meshi inayokaa kando ya kila podi. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

Ombi la kubadilisha kipindi cha PDU (muunganisho wa data wa simu) haliendi popote tu. Kama muktadha wake (taarifa za hali yake) umo kwenye kumbukumbu ya podi iliyokianzisha, podi nyingine haiujui. Proksi ya kawaida hutafuta penye foleni fupi, inapeleka huko, na jibu linarudi 404 lenye CONTEXT_NOT_FOUND. Anayeumia ni mteja mwenye simu. 3GPP ililiona hili: mtoa huduma hutuma hedha (taarifa inayotangulia ujumbe) ya 3gpp-Sbi-Binding inayosema muktadha umefungwa kwa instansi moja au kwa seti nzima, na mwombaji huirudisha kama 3gpp-Sbi-Routing-Binding katika maombi yanayofuata. SCP huisoma. Proksi ya meshi, isipofundishwa, huipitisha bila kujali. Mnaweza kuhamishia muktadha kwenye UDSF, hifadhi ya pamoja ya data ya kiini, ili podi yoyote ihudumie, ila kila ombi litalipia safari ya kwenda hifadhini, na podi mbili zikigusa kipindi kimoja kwa pamoja, lazima kuwe na kanuni ya nani anaandika.

Kuhusu kurudia maombi: AMF ikijaribu mara tatu, SCP mara tatu kwa kila jaribio, na proksi ya meshi vivyo hivyo, ombi moja linaweza kuifikia SMF mara 27 ikiwa tayari taabani. Tabaka moja lirudie, mengine yanyamaze, na Retry-After (muda wa kusubiri) inayokuja na 503, jibu la huduma kuzidiwa, iheshimiwe.

N2, kiungo kati ya gNB (kituo cha redio) na AMF, haimo katika haya. Ni SCTP, itifaki inayoweza kutumia njia kadhaa kwa muunganisho mmoja, na NAT (ubadilishaji wa anwani) ya kube-proxy huvuruga njia hizo. Ipeni kiolesura chake kwa Multus (nyongeza ya Kubernetes inayoipa podi violesura zaidi vya mtandao), mgawe gNB kwa uzito wa TNLA, yaani miunganisho ya SCTP kati ya gNB na AMF.

Ninapositasita ni kwenye Modeli D, ambapo SCP yenyewe huuliza NRF (orodha ya huduma zilizopo) kwa niaba ya AMF. Inapunguza kazi ndani ya kila NF (sehemu ya kiini kama AMF au SMF), lakini SCP ikiteguka, ugunduzi na usafirishaji vinaanguka pamoja. Mimi huegemea Modeli C, ambapo AMF huuliza NRF yenyewe na SCP husafirisha maombi. Kwa mtandao wenye instansi nyingi mno na NRF inayolemewa na maswali, bado siwezi kuapa kwamba niko sahihi.