Mwezi mmoja una siku ngapi?

Nakata tiketi katikati ya jiji la Mwanza, huu mwaka wa kumi na moja. Wateja wangu wanaokwenda nje kwa mara ya kwanza si watalii. Ni mama wa Igoma anayekwenda Ujerumani kumlea binti yake atakapojifungua, ni kijana wa Sengerema aliyealikwa na shemeji. Wote husema, "Nakwenda mwezi mmoja tu." Nami huwauliza: mwezi wa siku ngapi?

Swali linaudhi, najua. Lakini viza ya Schengen, ile inayokuingiza Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, haihesabu miezi, inahesabu siku. Kwenye stika yake kuna tarehe ya kuanzia na tarehe ya mwisho, halafu kuna namba ya siku unazoruhusiwa kukaa. Watu husoma tarehe, namba wanaipita. Kumbe kwa kawaida ubalozi huongeza siku 15 kwenye zile tarehe, ili safari ikisogezwa mbele usikwame. Hizo 15 si za kukaa. Ukipewa siku 30 ukaingia tarehe 1 Julai, mwisho wako ni tarehe 30, maana siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Ukitoka tarehe 31 umezidisha. Tena hesabu haianzi ukifika kwa shemeji. Ukiunganisha ndege Amsterdam kwenda Hamburg, imeanzia Amsterdam. Zamani walitegemea mhuri. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza kuingiza safari za wageni kwenye kompyuta, pamoja na picha ya uso na alama za vidole.

Pasipoti nayo iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka huko, na bima ya safari ifunike siku zote, kiwango kisipungue yuro 30,000. Haya ubalozi wenyewe watakukumbusha, siyasemi sana.

Ambalo ubalozi hawatakukumbusha ni saa. Sisi tunahesabu tangu kupambazuka, tiketi inahesabu tangu usiku wa manane. 04:10 si saa nne na dakika kumi asubuhi, ni saa kumi na dakika kumi alfajiri. Mzee mmoja alinipigia kutoka Dar, ameshakunywa chai yake vizuri: "Mwanangu, ndiyo natoka sasa kwenda uwanjani. Ndege si saa nne?" Ndege ilishaondoka yeye akiwa usingizini. Kosa lilikuwa langu, nilimkabidhi karatasi bila kumsomea. Tangu siku ile kila tiketi naiandikia kwa kalamu saa ya Kiswahili pembeni, hata kwa msomi mwenye digrii mbili (wao ndio hukasirika).

Ngumu kuliko hiyo ni 00:35 ya tarehe 9. Kwetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 9. Maana yake unatakiwa uwe uwanjani tarehe 8, saa tatu na nusu usiku. Ukijipanga kwenda tarehe 9 usiku, umechelewa siku nzima.

Na ukinunua tiketi ya Mwanza–Dar kando na ile ya nje, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe. Begi pia utalichukua Dar na kulikabidhi upya. Nenda siku moja kabla, ulale Dar. Gesti ni nafuu kuliko tiketi mpya.

Sasa mizigo, maana hakuna anayeondoka hapa bila kupita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Habari njema: dagaa wakavu, sato wa kukaushwa na kayabo (sangara wa chumvi) ruksa kuingia nao Ulaya kwa matumizi ya nyumbani, jumla isizidi kilo 20. Funga mara tatu, harufu ikiwahi kwenye nguo haitoki. Nyama hata kavu, maziwa na samli hapana, watavichukua. Nanasi na ndizi zinapita, embe bila cheti cha afya ya mimea halipiti. Asali mwisho kilo mbili.

Laini yako ya simu iwashe huduma ya kutumika nje kabla hujaondoka, hata kama hununui bando, kwa sababu benki hutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe. ATM ya huko ikikuuliza ikukate kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Beba adapta, soketi zao ni za pini mbili za mviringo. Jumapili maduka mengi ya Ujerumani hufungwa, basi nunua chakula Jumamosi.

Dawa ziache kwenye maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari. Na hili nalisisitiza kuliko dagaa: ukipata homa huko, mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba umetoka Kanda ya Ziwa na upimwe malaria. Dalili zinaweza kuja wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa kule, usipomtajia, anaweza kudhani ni mafua.

Yule mama wa Igoma tulimwombea siku 30, akafika siku mbili kabla ya tarehe ya makadirio. Mtoto akachelewa siku tisa. Viza haiongezwi kwa sababu ya namna hiyo, akarudi mjukuu ana siku kumi na nane, arobaini haijakaribia. Alikuja ofisini akakaa kimya kwanza, kisha akasema, "Ungeniambia niombe mbili." Sheria inaruhusu mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku hizi anayekwenda kulea mzazi namjazia 60, na tarehe ya kurudi kwenye tiketi yake nachagua ile inayobadilishika, hata ikizidi bei.