Donda ndugu la mguu: ni uzee, ni chira, au ni mishipa?

Kwenye foleni ya kufunga vidonda hapa Kisumu utasikia mengi kabla jina lako halijaitwa.

"Ni uzee tu." Ngozi ya mzee hupona polepole, kweli, lakini kidonda kinachopita mwezi kina sababu. Kikiwa juu ya kifundo upande wa ndani, kikitoa maji na mguu kuvimba jioni, shuku mishipa inayorudisha damu moyoni. Kikiwa kwenye vidole au kisigino, kikavu, kikiuma usiku hadi mzee aning'inize mguu kitandani ndipo apate nafuu, basi damu haifiki.

"Ni chira," yaani laana ya kuvunja mwiko kwa Waluo. Sibishani na mila za watu. Ila miezi ya kumtafuta aliyevunja mwiko ndiyo miezi ambayo nyama inakufa.

"Kaza bandeji, uvimbe utaisha." Hapa ndipo miguu hupotea. Bandeji ya kubana ni tiba nzuri ya kidonda cha mishipa inayorudisha damu. Mguu usiopata damu, bandeji hiyohiyo huumaliza. Kwa hiyo muulize anayefunga: amepapasa mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo? Presha ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeanza kuziba. Kwa mwenye sukari jibu laweza kuonekana zuri na bado likadanganya, maana mishipa yake imekakamaa na haibinyiki.

"Spiriti inaua vijidudu." Inaunguza na nyama changa pia. Osha kwa maji safi ya chumvi ya hospitali.

"Moyo wake mzima, shida ni mguu." Mishipa ikiziba mguuni, ya moyo na ubongo huwa haijasalimika, hata kama kifua hakijawahi kumuuma. Wengi wa wazee hawa huuawa na moyo au kiharusi kabla ya kidonda. Daktari akimwandikia mzee asprini na dawa ya kolesteroli hajachanganya faili. Sigara ikomeshwe, na dawa za presha zisiachwe eti "leo najisikia vizuri". Presha haipigi hodi.

"Miguu inamuuma, akae." Yule mzee anayesimama kila hatua mia akielekea soko la Kibuye, shavu la mguu likimbana kisha likiachia akipumzika, kutembea ni sehemu ya dawa yake: aende hadi ibane, apumzike, aendelee. Lakini unyayo ukiwa na kidonda, kwanza kipone.