Umesoma IT kwenye koleji ya jamii Marekani? Siyo kila krediti inahama na wewe

Msimu wa kuomba chuo kikuu ukifika malalamiko ni yaleyale, mtu kapiga IT miaka miwili, ana A tupu, krediti 60 anazo, chuo kikuu kinamtambulia nusu tu, basi anakuja ofisini anasema koleji imemtapeli. Jamani, mara nyingi hakuna aliyetapeliwa. Shida ni digrii aliyoichagua siku ya kwanza.

AS (Associate of Science) na AAS (Associate of Applied Science), digrii mbili za miaka miwili za koleji, zimepishana herufi moja tu lakini kazi zake mbalimbali. AS imetengenezwa kwa anayetaka kuhamia chuo kikuu. AAS ni ya kumwingiza mtu kazini haraka, kufunga mitandao, kutengeneza kompyuta, kujiandaa na mitihani ya vyeti vya IT vya CompTIA au Cisco, na vyuo vikuu vingi masomo hayo ama havihesabu kabisa ama vinayaweka kama ya ziada, yaani krediti unaziona kwenye transkripti ila fani haipungui hata somo moja. Na tafadhali, IT siyo sayansi ya kompyuta. Ukitaka ya pili utadaiwa kalkulasi, sasa wewe umekaa miaka miwili unaikwepa hesabu, tukusaidieje?

Walioko California wana ASSIST, tovuti inayoonyesha somo la koleji fulani linalingana na lipi la UC au CSU, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Iangalie kabla ya kujisajili, siyo baada ya matokeo. TAG, yaani nafasi ya uhakika ya UC, inaombwa mwezi Septemba tu, kwa kampasi moja tu kati ya sita, na sayansi ya kompyuta kampasi kadhaa zimeiondoa kwenye TAG, halafu ukishajaza TAG bado lazima ujaze maombi yenyewe ya UC, wengi wanasahau hapo. GPA (wastani wa alama) ya chini ya kuhamia UC ni 2.4 kwa mkazi wa jimbo, 2.8 kwa asiye mkazi, na hiyo ni ya kuruhusiwa kuomba, siyo ya kupokelewa! Koleji zote ulizopitia ziandikwe kwenye maombi, hata ile uliyofeli ukaondoka kimyakimya. Ukificha na ikajulikana, nafasi inaweza kufutwa hata kama barua ya kukubaliwa unayo.

Wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, nisikilizeni vizuri. Krediti 12 kila muhula, na ya mtandaoni inayoingia kwenye hesabu hiyo ni somo moja tu, lisizidi krediti 3. Usidropu somo ukashuka chini ya 12 kabla afisa wa wanafunzi wa kigeni hajakuidhinishia, maana rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inaweza kusitishwa na kuirudisha ni safari ndefu. Ukimaliza koleji una siku 60 za kuomba rekodi ihamishiwe chuo kikuu, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi 5. Kupokelewa na chuo kikuu hakuhamishi SEVIS, ni lazima uombe koleji yako iiachie, na ikishafika tarehe ya kuachiwa koleji haiwezi tena kuigusa, kwa hiyo usiombe ukiwa bado unasitasita kati ya vyuo viwili.

Silabasi za kila somo tunza. Somo likikataliwa una haki ya kukata rufaa, ila idara itataka kuona ulifundishwa nini wiki kwa wiki, na jina la somo peke yake halitakusaidia.